Risala ya Klabu ya Kiswahili kwa Mgeni Rasmi, Kilwa Masoko

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: itifaki imezingatiwa. Karibuni. Jua limeshapanda, hatutawachosha.

Muhula huu tumejifunza kuigiza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, mwana wa kusini hii hii, iliyochapishwa mwaka 1969. Nakala tunazo tatu kwa klabu nzima, na moja haina jalada.

Mgeni Rasmi, yule mganga wa Ngarambe, ambaye maji yake ya dawa yaliaminiwa kuzuia risasi za Wajerumani katika Vita vya Majimaji, aliitwa Kinjikitile Ngwale. Mwandishi aligeuza herufi mbili, akaeleza kuwa mhusika wake ni wa kubuni. Lakini muulize mwanafunzi yeyote hapa jina la mganga wa Majimaji, atakutajia lile la kitabuni. Wa kweli alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Aliyebaki vichwani mwetu ni wa jukwaani.

Sisi wenyewe hatukuliona hilo mpaka Jumamosi moja tukiwa mazoezini chini ya mwembe. Mwenzetu alikuwa akinyunyiza "maji" kutoka kwenye kidumu cha mafuta ya kupikia, karatasi ya dukani ingali imebandikwa. Mzee mmoja wa Umatumbi, aliyekuja kumwona mjukuu wake, alicheka hadi akakaa chini. "Wajukuu zangu, hayo si ya kuoshea vyombo? Dawa ile ilitiwa mtama na mafuta ya nyonyo!" Kisha akatusimulia habari za Nandete, kijiji cha Umatumbi ambako Julai 1905 watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vikaanza, kama alivyosimuliwa na bibi yake. Katika masimulizi yale mganga hasemi hata neno moja. Wanaosema ni wang'oa pamba.

Klabu iligawanyika. Wengine walitaka tuibadili tamthilia, wengine walisema kitabu kisiguswe. Mwishowe maneno ya mwandishi tumeyaacha yalivyo, ila mtama tumeutia; mtauona kwenye kibuyu leo.

Ombi letu, Mgeni Rasmi, ni kinasa sauti kimoja (simu, kama ujuavyo, shuleni haziruhusiwi) na nauli ya kwenda Nandete wakati wa likizo, tukawarekodi wazee. Tukipata na nakala chache za kitabu tutashukuru, lakini vitabu vinaweza kusubiri.

Yule mzee ameshatuuliza mara mbili tunakwenda lini.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Kiswahili.