Pugi wa uani

Kigamboni, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mama watoto anakusalimu, ni joto tu ndilo linatutesa. Shangazi vipi, mguu umepoa?

Nakuandikia habari za pugi. Usicheke. Kile kiwanja chenye kichaka hapo jirani kimefyekwa, kokoto zimeshushwa, na pugi wawili wamehamia uani kwangu. Asubuhi wanatembea chini wakidonoa chenga za mchele karibu na jiko. Jua likiwapiga, yale madoa ya bawani yanameremeta kijani. Miaka yote ile tuliyowalenga kwa manati kule Korogwe, madoa hayo mimi sikuwahi kuyaona. Nilikuwa naona mshikaki tu.

Kuwatazama hao ndiko kulikonifikisha kwa jamaa yao wa Brazil. Njiwa mdogo wa chini chini vilevile, hafiki shibiri, mwili rangi ya kutu. Naye ana madoa bawani, ila yake ni ya buluu iliyokolea, na macho pia ya buluu. Njiwa ana macho ya buluu, Hamisi! Mara ya mwisho kuthibitishwa kuwa yupo ilikuwa 1941, halafu kimya. Mwaka 2015 mtaalamu wa ndege, Rafael Bessa, alikuwa Botumirim, jimbo la Minas Gerais, akasikia mlio asioufahamu. Akaurekodi, akaupiga, ndege akaja mwenyewe kuitikia. Baada ya miaka 74! Sisi angetuitikia hivyo tungemjibu kwa jiwe.

Walipotangaza, mwaka 2016, walikuwa wamehesabu 12 tu. Hao hawajazi hata kipanya cha Kigamboni. Nyika yao, wenyewe wanaiita Cerrado, imeliwa na mashamba ya soya, malisho ya ng'ombe na mikaratusi. Wamewekwa daraja la walio hatarini kabisa, likifuatiwa na lile la waliokwisha porini. Mwaka 2018 makazi yao Botumirim yalitengwa kuwa hifadhi, na siku hizi wanajaribu pia kulea vifaranga vichache kwenye bustani ya ndege huko Foz do Iguaçu, endapo wa porini watapata balaa. Kundi dogo namna hiyo, moto mmoja wa kiangazi unatosha.

Pugi wetu, nisikutishe, hayumo kabisa kwenye hesabu hizo. Wapo tele. Lakini tangu nisome habari hiyo nimekuwa mtu wa kuwahesabu kila asubuhi: mmoja, wawili, haya, nikanywe chai.

Jana mmoja kaanza kubeba vijiti kwenye mlimao. Idi alikuwa ananililia manati wiki nzima. Nimemnunulia mpira, kanuna. Kaka yako nimekuwa mzee.

Ukienda shamba pita kwenye kile kichaka cha nyuma ya kisima, uniangalizie kama bado wapo. Na usiende na mawe mfukoni.

Wako,
Saidi