Baba, kile cha pili nimekipata

Reading, Uingereza
Jumapili usiku

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote hapo nyumbani Tanga. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kuuma na mjukuu wako anakohoa kama ilivyo kawaida yake kila Novemba. Mguu unaendeleaje? Mama alinidokeza kwamba siku hizi hata msikitini unakwenda kwa mkongojo.

Sikupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, nami nataka ulisome polepole. Kile kitabu cha pili cha Roald Dahl kuhusu mtoto Charlie, Charlie and the Great Glass Elevator, ulichokuwa ukituambia kipo na hujawahi kukitia machoni, nimekipata. Nilikikuta kwenye duka la vitu vya mtumba, kimebanwa katikati ya vitabu vya mapishi. Pauni moja. Nilisimama pale nimekikumbatia kifuani kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea.

Nimekimaliza, Baba, na nina huzuni.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa mkekani, kandili pembeni, wewe na kile kitabu kisicho na jalada ulichokishona kwa uzi wa gunia? Ulikuwa unasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, wala hatukujua kwamba unatafsiri. Ile supu ya kabichi ya kina Charlie kwetu ilikuwa mchicha wa kuchemsha kwa chumvi, bila nazi, nasi tukamhurumia kwa dhati kwa sababu mchicha ule tuliujua. Baba yake anafunga vifuniko vya dawa ya meno kiwandani, kiwanda kinafungwa, chakula kinazidi kupungua. Na wazee wanne kwenye kitanda kimoja, wote wamepita miaka 90. Babu Joe hajashuka kitandani miaka 20. Mjukuu anaingia na tiketi ya dhahabu ya kutembelea kiwanda cha chokoleti cha Bwana Wonka, na mzee wa miaka 96 na nusu anaruka chini na kucheza. Hapo ulikuwa unaweka kitabu chini, unasimama, unacheza wewe.

Cha pili kinaanzia pale pale cha kwanza kilipoishia, wote wamo ndani ya ile lifti ya kioo ya Bwana Wonka pamoja na kitanda chao. Lakini lifti inapitiliza mpaka angani, inaizunguka dunia, na karibu nusu ya kitabu inakwisha huko: hoteli ya angani ya Wamarekani, madudu yanayojivuta na kujikunja mpaka yanaandika herufi kwa miili yao, na Rais wa Marekani akipiga simu ofisini kwake. Kuna mzaha mrefu kuhusu majina ya Wachina. Hapo nilifunga mdomo nikaruka kurasa, maana nilikuwa namsomea binti yangu kwa sauti, na ninayepokezana naye zamu kazini ni dada wa Kichina ambaye jina lake watu wanalichezea kila siku. Binti yangu ana miaka tisa. Katikati ya hayo yote aliniuliza, "Mama, Charlie yuko wapi?" Nikatafuta. Alikuwepo lakini hana la kufanya. Njaa imekwisha, na kitabu hakikumpa kingine cha kutaka.

Hayo ya angani ningeyasamehe. Lililoniumiza ni wazee.

Wakirudi kiwandani, Bwana Wonka anawaonyesha vidonge vya kurudisha ujana, kila kidonge kinapunguza miaka 20. Babu George, Bibi Josephine na Bibi Georgina wanavigombania na kumeza vinne vinne. Piga hesabu, Mwalimu: miaka 80 inaondoka. Wawili wa kwanza wanabaki vichanga, na Bibi Georgina, ambaye humu ana miaka 78, anakuwa na miaka miwili chini ya sifuri, yaani hayupo kabisa. (Ndiyo, 78. Cha kwanza kilisema wote wamepita 90. Mwandishi hakurudi nyuma kutazama umri wa wazee wake mwenyewe.) Hesabu yenyewe ni ya akili sana, nakubali, na safari ya kumfuata huko chini ya sifuri ina giza na ukungu ambao ulimfanya binti yangu anishike mkono. Kisha wanampulizia dawa ya kuzeesha, inazidi, anafika miaka 358. Mpaka hapo bibi wa watu amekuwa kitu cha kuchekea, kurasa kwa kurasa.

Baba, unajua kazi yangu. Saa mbili usiku ndimi ninayepita na kitoroli cha dawa kwenye nyumba hii ya wazee. Kila mmoja na kikombe chake kidogo cha plastiki, namwita jina, namwinua kichwa, nasubiri ameze, naweka sahihi. Sijaona hata siku moja mzee anayepora vidonge. Wanachoniuliza ni kama dawa hii itawalaza, kwa sababu kesho kuna mtu anakuja. Chumba cha mwisho kuna babu mmoja ambaye hajatembea tangu nianze kazi hapa. Mjukuu wake huja Jumamosi. Tangu Ijumaa jioni babu anataka anyolewe ndevu, na asubuhi ananiomba nimkalishe ukingoni mwa kitanda, miguu ikiwa ndani ya viatu, ili kijana akifungua mlango amkute amekaa.

Kile cha kwanza kilimjua babu huyu. Cha pili hakimjui. Wale watatu wanagoma kushuka kitandani kitabu kizima, na wakishuka mwishoni, ni kwa sababu Rais wa Marekani amewaalika Ikulu. Hawakushuka kwa ajili ya mtoto.

Ulikuwa ukijivuna kwamba Roald Dahl alikaa Dar es Salaam kabla ya vita, mfanyakazi wa Shell, na kwamba Kiswahili alikijifunza. Kwa akili yangu ya utotoni niliamini kwamba wazee wake kaokota huku kwetu, ndiyo maana wanalala nyumba moja na wajukuu. Cha kwanza kilitoka 1964, hiki 1972. Miaka minane tu, na wazee ni wale wale kwa majina, lakini mimi sikuwatambua.

Na ngoja niseme lililonifanya nishike kalamu. Nilikuwa na cha pili changu tayari. Tulipokulilia utuambie kilichofuata, ulikuwa unazima kandili na kutusimulia gizani, na mimi mpaka nakuja Uingereza niliamini kwamba uliyapata mahali. Kumbe yalikuwa yako.

Mzigo anakuja nao kijana wa jirani, anafika Tanga baada ya wiki mbili. Nimetia soksi za kubana mguu, zivae asubuhi kabla hujashuka kitandani, na kitabu cha kwanza kipya chenye jalada, kwa ajili ya watoto wa kaka. Cha pili nacho nimekiweka, chini kabisa, kwa sababu ulikingoja miaka mingi na si haki mimi nikuamulie. Ila kisome peke yako kwanza.

Kisha niandikie. Nakumbuka kitanda ulikiweka ukingoni mwa mto wa chokoleti, na Babu Joe akawa anazunguka na bakuli kuwalisha wenzake. Bibi Josephine ulimpa ufunguo wa lango. Babu George alikuwa anaonja, akisema tamu au bado. Bibi Georgina ulimpa kazi gani? Binti yangu ameuliza nami nimeshindwa kumjibu.

Nisalimie wote, na Mama mpe shikamoo yangu.

Mwanao