Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Haut-Katanga: jicho la mgonjwa wa sukari lisingoje damu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Mama yangu ana ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa 14. Kila mwezi kliniki walimtoboa kidole kupima sukari, wakampa vidonge, akarudi sokoni kuuza unga. Hakuna aliyemtazama ndani ya jicho hata siku moja. Asubuhi moja akaniambia anaona moshi mweusi upande wa kulia. Ilikuwa damu.

Daktari wa macho alitueleza kwa subira. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa midogo ya damu ya retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, huziba, na retina hukosa oksijeni. Ikishabanwa hivyo hutoa kichocheo cha kuotesha mishipa mipya, kile madaktari wanachokiita VEGF. Mishipa hiyo ni dhaifu. Hupasuka na kumwaga damu, na kovu lake huvuta retina mpaka ibanduke. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya maji ya macho ya wagonjwa 164: kichocheo kilikuwa juu kwa wale ambao mishipa mipya ilikuwa inaota, na tiba ya leza, yaani mwanga mkali unaoelekezwa kwenye retina, ilipofanikiwa kilishuka kwa wastani wa asilimia 75.

Kinachoniuma ni kwamba muda huo wote mgonjwa hasikii maumivu. Wiki moja kabla ya ule moshi, mama alikuwa akisoma daftari la madeni bila miwani!

Dawa ya kukizuia kichocheo hicho ipo. Bevasizumabu ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho. Chupa ya mililita 4 ina miligramu 100, na jicho moja huchomwa sindano ya miligramu 1.25 tu. Mfamasia aliyefunzwa, akiigawa mahali safi kabisa, chupa moja inafikia wagonjwa wengi. Sisi tuliambiwa tununue chupa nzima. Tungeitoa wapi pesa hiyo?

Naomba kila anayetibiwa sukari atazamwe retina mara moja kwa mwaka, palepale anapochukulia vidonge. Naomba jimbo linunue dawa hii na kuigawa, pamoja na friji isiyozimika umeme ukikatika, maana hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Leza nayo isisahauliwe.

Jicho la kushoto la mama bado linaona. Daktari amesema mishipa mipya imeanza kuota huko pia.

Nangoja jibu lako, Mheshimiwa.

Binti wa mgonjwa,
Komini ya Kenya, Lubumbashi