Wenye yadi za magari, bei tubishane ila karatasi mtoe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wenye yadi za magari hapa Dar, za Kinondoni, Magomeni, Mwenge na kwingine kote, na niongee pia na Tume ya Ushindani maana hili jambo liko mikononi mwao. Mimi sina ugomvi na biashara ya magari. Yadi zinasaidia watu, mtu wa Songea au Bukoba hawezi kutuma hela Japani alafu akae anasubiri meli hajui gari itafika ikoje, bora aje yadi aione kwa macho, aiwashe, aondoke nayo. Ninachodai ni kimoja, kabla mteja hajatoa hata shilingi moja aoneshwe karatasi ya mnada na cheti cha eksipoti cha hiyo gari anayoitaka. Bei tutabishana hata mpaka jioni, hilo halina shida ndo biashara yenyewe, ila huwezi kupatana bei na mtu anayeijua gari yote wakati wewe unachokiona ni rangi inayong'aa tu.

Nieleze kidogo hizo karatasi maana wengi wananunua gari na kuuza hawajawahi kuziona. Magari mengi tunayoendesha, IST, Premio, Ractis, Harrier, yametoka kwenye minada ya Japani, na kule gari haipandishwi mnadani mpaka mkaguzi aipitie na kuijazia karatasi. Ile karatasi ina maksi, gari ya 4.5 au 4 ni nzuri, 3.5 imechoka kiasi, na ukikuta herufi R au RA ujue ilishagongwa ikatengenezwa. Kuna mchoro wa gari pia na kila kovu limeandikwa mahali pake, A ni mkwaruzo, U pamebonyea, W pamenyooshwa, XX maana yake kile kipande kimebadilishwa. Na kilometa zipo. Hicho cheti cha eksipoti chenyewe kinatoka kwa serikali ya Japani, kinatolewa pale gari inapofutwa usajili kule ili isafirishwe, kina namba ya chesesi, tarehe gari iliposajiliwa mara ya kwanza, na vingi vina kilometa zilizosomwa wakati gari inakaguliwa. Na cheti hiki forodha wanakitaka wakati wa kugomboa gari, kwaiyo muuzaji wa gari iliyotoka bandarini sasa hivi akikwambia cheti sina, swali ni moja, gari uliitoaje?

Sasa nisimulie kilichonifanya niandike. Mdogo wangu wa kike ni mwalimu Dodoma, alichukua mkopo benki, ule unaokatwa kwenye mshahara, anataka Premio. Akaiona moja mtandaoni kwenye ukurasa wa yadi fulani ya hapa mjini, picha safi, kilometa 68,000, bei milioni 21. Kupiga simu akaambiwa dada wahi, kuna mteja anakuja kesho asubuhi na hela mkononi, kama umeipenda tuma kishika uchumba laki tano tukuwekee. Akatuma kwa simu. Akapanda basi akaja, tukaenda naye mimi na fundi wetu.

Gari ilikuwa imeoshwa, tairi zimepakwa dawa, ndani inanukia. Fundi hata rangi hakuiangalia. Alifungua mlango wa dereva akachuchumaa akashika pedali ya breki, ule mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja mpaka mistari yote imepotea. Akashika uskani, ngozi imelainika inateleza. Hakusema kitu. Akaja kwenye fremu ya mlango, pale chini ya kitasa, palikuwa na kistika cha Kijapani cha kubadilishia oili, mtu alijaribu kukibandua kwa kucha kikachanika nusu, ila namba zilibaki zinasomeka vizuri, 28, alafu 11, alafu 121,400. Hiyo 28 ni mwaka kwa hesabu yao ya Kijapani, ni 2016 ya kwetu. Yani gari ambayo stika yake ya Novemba 2016 inaongelea kilometa laki moja na ishirini na kitu, leo dashibodi inasema 68,000.

Tukamuonesha yule kijana muuzaji, akasema dada hizo stika Wajapani wanabandika ovyo, hiyo itakuwa ya gari nyingine. Sawa, tukamwambia tupe cheti cha eksipoti tulinganishe yaishe. Kiko kwa wakala bandarini. Tutasubiri. Bosi kasafiri ndo mwenye funguo za kabati. Basi rudisha laki tano yetu tuondoke kwa amani. Hapo ndo likatolewa kitabu cha risiti, kugeuza nyuma kuna maandishi madogo kwamba hela ya kushikia gari hairudishwi. Hiyo risiti mdogo wangu hakupewa siku anatuma hela, hakutumiwa hata picha yake, na haikuwa ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ni vile vitabu vya kununua dukani, wakati TRA, mamlaka ya mapato, wanatuimbia kila siku ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti. Baada ya kusumbuana sana kwenye simu walirudisha laki tatu, laki mbili mpaka leo ziko kwao.

Na niseme ukweli, hizo kilometa kurudishwa nyuma ziliniuma ila kilichoniuma zaidi ni hiki kishika uchumba, kwa sababu ndo kinachoharibu mapatano yote. Nguvu ya mnunuzi kwenye kupatana ni kuweza kusema asante na kuondoka. Ukishatoa laki tano hiyo nguvu umeiacha mezani kwao. Fundi wako anakwambia giaboksi inashtua, wewe kichwani unahesabu laki tano, fundi anasema mlango huu una puti, unasema aah ntarekebisha, na muuzaji anajua kabisa ndo maana anaharakisha hiyo hela itumwe kabla hujaiona gari. Watu wa mikoani ndo wanaumia zaidi, ameshalipa nauli, ameshaomba ruhusa kazini, ameshawaambia watoto narudi na gari, akirudi mikono mitupu ni aibu, basi anaichukua hivohivo.

Wapo watakaosema mteja ajitafutie fundi wake, sheria ya biashara mnunuzi afungue macho. Fundi tulikuwa naye, na tunashukuru. Lakini siri ya mjini inajulikana, kuna mafundi wanavutwa pembeni wanapewa ya soda wanarudi wanasema gari iko freshi. Na fundi hata awe mwaminifu vipi hawezi kuona kwa macho kwamba gari ilipinduka huko ikanyooshwa na watu wanaojua kazi yao. Karatasi ndo inasema. Alafu kuna madalali pale getini, mwenye gari anataka milioni 15, dalali anakwambia 16 na nusu, hiyo iliyozidi ni cha juu yake, na wewe unamuona ni mtu wako kwa sababu anakuita mama na kukutafutia kiti. Dalali alipwe, amefanya kazi, ila malipo yake yajulikane na wote waliokaa pale.

Kwenye bei nako tunabishana gizani wakati taa ipo. TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao, unaweka aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini kinakuletea kodi yote. Ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, VAT asilimia 18, na gari ikiwa imezidi miaka 10 tangu itengenezwe inaongezwa ya uchakavu asilimia 30. Chukua bei ya gari kama hiyo kwenye mitandao ya Wajapani pamoja na usafiri mpaka Dar, jumlisha hiyo kodi, weka gharama za bandari na wakala, utajua yadi imetumia kama kiasi gani. Hapo sasa ukiomba punguzo unaomba kitu chenye miguu. Na faida wapate, mtu kafungia hela yake pale miezi, analipa kodi ya kiwanja, mlinzi, wafanyakazi, asipopata faida atafunga na sisi tutakosa pa kununua.

Hiyo ya umri wa gari ina uzito wake. Wenzetu Kenya gari yenye zaidi ya miaka 8 hairuhusiwi kuingia kabisa, sisi tunaziruhusu kwa kuzitoza zaidi, na mimi naunga mkono maana wengi wetu hatuna hela ya gari changa. Ila sasa kama nchi imekubali tununue gari iliyotembea miaka 12 au 15 huko kwa watu, basi historia ya hiyo miaka ndo kitu cha kwanza mnunuzi anatakiwa akijue. Bila hivo tunauziwa namba ya usajili mpya ya herufi E inayong'aa nje, ndani gari imeshamaliza maisha yake.

Na hizi za lipa nusu uondoke na gari ndo usiseme, kadi ya umiliki wa gari inabaki na jina la yadi mpaka umalize kulipa, mkataba unasainishwa umesimama, jumla ya hela utakayolipa hawaisemi mpaka uulize. Hilo linahitaji barua yake.

Najua wenye yadi watajibu kwamba wakionesha kila kitu hawatauza. Hapana. Tulipotoka pale tulizunguka, tukafika yadi nyingine ndogo tu, kuna Premio, kijana hata hatujauliza akaenda ndani akarudi na faili, mle ndani kuna kopi ya karatasi ya mnada na kopi ya cheti. Akatuwekea kidole kwenye mchoro, hapa W2 mlango wa nyuma kushoto, twendeni mkauone. Tukauona, ukiinama unaona mwanga unacheza kidogo kwenye rangi. Kilometa 94,000 na kwenye cheti zinaendana. Walianzia milioni 22 na nusu, tukaushikilia ule mlango, tukashikilia na tairi mbili zilizokuwa zimeisha, mdogo wangu akaja kulipa 21 na laki nane, risiti ya EFD, na barua yenye mhuri imeandikwa namba ya chesesi na kilometa siku ya kuuza. Alilipa zaidi kuliko ile ya kwanza, gari ina kilometa nyingi zaidi ya zile alizotangaziwa kule, na aliondoka anafuraha. Mwalimu mwenzake keshanunua hapohapo.

Sasa Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, hilo lipo kwenye vitabu tayari. Tunachokosa ni utaratibu unaoshikika pale yadi. Marekani tangu mwaka 1985 wauzaji wa magari yaliyotumika wanalazimika kubandika karatasi dirishani inayosema kama gari ina dhamana au inauzwa kama ilivyo. Sisi tunaweza kuwa na yetu kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, namba ya chesesi, mwaka ilipotengenezwa, kilometa za kwenye cheti, kama ilishapata ajali kwa mujibu wa karatasi ya mnada, na masharti ya kishika uchumba, kinarudi au hakirudi, na kama hakirudi ni kiasi gani kinakatwa na kwa sababu gani. Isainiwe na yadi, kopi apewe mnunuzi. Gari ambayo iliuzwa humu ndani mkononi na karatasi zake za Japani zimepotea kweli, iandikwe hivo, zimepotea, mnunuzi ajue anapatana kwa kubahatisha.

Na wakati tunasubiri hilo, wewe unayesoma hapa unatafuta gari, usitume hela kabla hawajakutumia picha ya cheti cha eksipoti na namba ya chesesi, na waandike kwenye ujumbe kwamba ukikuta tofauti hela yako inarudi yote. Mwenye gari ya halali hiyo ni kazi ya dakika tano. Wenye yadi nao wanakaribishwa kunijibu hapahapa gazetini waseme ni kitu gani kinawazuia kuitoa hiyo karatasi mapema, ntasoma.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam