Gugumaji halisukumwi, hutolewa

Mhariri,

Kwenye mialo ya Mto Malagarasi na mabwawa ya Tabora, kila jani linaloelea watu huliita gugumaji. Kinachong'olewa ni yungiyungi la asili, maficho ya vifaranga vya samaki, na adui mwenyewe anaachwa kwa kuwa ana ua zuri.

Shika mmea mkononi. Yungiyungi limejikita kwenye tope, na jani lake limelala bapa majini likiwa na mpasuko mpaka kwenye kikonyo. Gugumaji huelea. Jani ni la mviringo, linang'aa na limesimama. Kikonyo kimevimba, ukikipasua ndani ni sponji iliyojaa hewa. Mizizi ni myeusi kama manyoya ya kunguru. Ua ni zambarau hafifu, petali ya juu ina doa la njano. Ukikuta majani mapana yenye vinyweleo na mikunjo, yasiyo na kikonyo, yamejipanga kama saladi, huo ni mmea mwingine, ingawa nao ni msumbufu.

Gugumaji ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Ziwa Victoria lilivamiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yakiwa ya joto na yenye mbolea ya mashambani, huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Likishatanda, mwanga haupenyi na oksijeni hupungua: kambale na kamongo huibuka kuvuta hewa, sato hawawezi. Konokono wa kichocho nao hupata makazi.

Kosa kubwa ni kulisukuma kwa kasia lifuate mkondo. La Uvinza litafika Ilagala, kisha Ziwa Tanganyika. Kulikatakata kwa panga majini ndiyo balaa zaidi, kwani kipande chenye chipukizi huota upya. Lizoe zima kwa reki kabla halijachanua. Mbegu hukaa topeni hata miaka 15. Lianike juu ya mahali mafuriko yanapofika, uligeuze likauke. Zaidi ya asilimia 90 ni maji, kwa hiyo rundo hunywea haraka. Dawa ya magugu ya shambani usiipulizie: likifa lote kwa pamoja huozea majini na kumaliza oksijeni iliyobaki. Rudi baada ya wiki mbili uokote machipukizi.

Wanaoleta nyavu na mitumbwi kutoka Mwanza wavikung'ute na kuvianika juani kabla havijagusa maji ya huku. Maofisa uvuvi wa wilaya wakague hilo mwaloni, siyo ofisini.

Mdau wa mazingira,
Kigoma