Chembe Zinazokataa Kufa: Kwa Nini Tunakuita Tena Kila Baada ya Miezi 3

Mzee mmoja wa Temeke, mgonjwa wa saratani ya damu, alifika maabara kwetu hapa Upanga na bahasha ya majibu mkononi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akakaa, akazipanga karatasi zake mezani moja baada ya nyingine. "Mwanangu, hebu nisomee. FBP safi. Chembe nyeupe elfu saba. Bandama limenywea, hata shati sasa linafunga vifungo. Kipimo kingine cha nini tena?" Nilipomuuliza kuhusu dawa akaniambia ana wiki ya sita hajameza. Alijiona amepona.

Ameniruhusu nilisimulie hili bila jina lake. FBP ni kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Swali lake ndilo tunaloulizwa kaunta karibu kila wiki, na jibu tunalolitoa tukiwa tumesimama, watu wamejipanga nyuma, huwa fupi mno. Leo nalijibu nikiwa nimekaa.

Wengi wetu tunaijua saratani ya damu kama wingi wa chembe nyeupe. Hatujakosea. Mgonjwa wa ile lukemia sugu ambayo madaktari huiandika CML anaweza kufika na chembe nyeupe zaidi ya 100,000 katika maikrolita moja ya damu, wakati mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Ukiiona namba hiyo unadhani mwili umeshikwa na haraka ya kuzaa. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba zinazozaliwa hazifi kwa wakati wake.

Chembe za mwili zimepangiwa kufa. Mtu mzima hupoteza chembe zipatazo bilioni 50 hadi 70 kila siku kwa utaratibu huo, bila kidonda wala usaha. Vidole vyako vilitengana hivyohivyo ukiwa tumboni mwa mama yako: chembe zilizoviunganisha zilikufa, nafasi zikabaki. Mwaka 1972 wanasayansi John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliuita utaratibu huo apoptosisi, kwa neno la Kigiriki la majani yanayodondoka mtini. Sisi wa Dar tunao mkungu. Majani yake hugeuka mekundu, yakaanguka, na asubuhi mtu akayafagia, na mti upo vilevile.

Sasa tuingie ndani ya chembe, maana huko ndiko ugonjwa unakofanya kazi yake. Kila chembe ina vijumba vya kuzalisha nguvu viitwavyo mitokondria. Kuta zake zikitobolewa, hutoka humo protini inayoitwa saitokromu C, nayo huamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi. Hivyo huikatakata chembe kwa ndani, na vipande vyake humezwa na chembe za jirani. Mkishajua hilo mtaelewa kwamba ugomvi wote ni wa ule ukuta. Wapo watobozi, BAX na BAK. Wapo walinzi wanaowashika mikono watobozi wasifanye kazi: BCL-2, BCL-XL na MCL-1. Halafu wapo wajumbe kama BIM na PUMA, wanaoleta habari kwamba chembe hii imechakaa au haihitajiki tena. Wajumbe hao huwakumbatia walinzi, na watobozi wakapata mwanya. Juu ya wote hao yupo p53, mkaguzi wa vinasaba. Akikuta uharibifu usiotengenezeka, huagiza PUMA wazalishwe kwa wingi.

Kinachoamua ni hesabu: walinzi wangapi, wajumbe wangapi. Jeni ikibadilika mahali panapogusa hesabu hiyo, chembe iliyopaswa kuondoka inabaki, inagawanyika, na kila inayotokana nayo inarithi ukaidi uleule.

Kwenye CML badiliko hilo linajulikana vizuri. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, huko Philadelphia, waliona kromosomu moja, yaani uzi mmojawapo unaobeba jeni, fupi kuliko kawaida katika chembe za wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha ufupi huo umetoka wapi: kromosomu ya 9 na ya 22 zimekatika na kubadilishana vipande. Penye kiungo hicho imezaliwa jeni ambayo mgonjwa hakuja nayo duniani, BCR-ABL. Protini yake ni kimeng'enya kisichozimika. Kinaihimiza chembe igawanyike, na papo hapo kinaongeza walinzi wa BCL-XL na kumwondoa mjumbe BIM njiani. Jeni moja inafanya kazi zote mbili, ya kuzalisha na ya kuzuia kifo.

Imatinibu, kidonge alichokuwa amekiacha yule mzee, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Huingia katika tundu la kimeng'enya hicho na kukaa humo, kimeng'enya kikanyamaza. BIM anarudi, walinzi wanapungua, na zile chembe zinaanza kufa kama zilivyopaswa kufa tangu mwanzo. Ndiyo maana bandama hunywea. Ndiyo maana FBP ya mzee ilikuwa safi, na ilikuwa safi kweli, haikukosewa.

Lakini FBP huhesabu chembe. Haiulizi chembe hiyo imebeba jeni gani. Ndani ya uboho, ule ute wa mifupani unaotengeneza damu, hubaki chembe mama zenye BCR-ABL ambazo dawa imezinyamazisha bila kuzimaliza. Dawa ikikatika zinaamka, na hesabu ya chembe nyeupe huchelewa kulionyesha hilo. Kipimo cha BCR-ABL, ndicho tunachokuitia kila baada ya miezi 3, huliona mapema kwa sababu kinatafuta RNA, yaani nakala ya jeni yenyewe, hata kama aliyeibeba ni chembe moja kati ya maelfu. Majibu yake huja kwa asilimia, katika kipimo kimoja kinachotumika dunia nzima, ili daktari wa hapa na wa India waelewane. Baada ya miezi 3 ya dawa inatakiwa isizidi asilimia 10. Miezi 6, isizidi 1. Mwaka mmoja, isizidi 0.1. Andika namba yako kwenye daftari la kliniki kila mara. Namba moja peke yake haisemi mengi kama namba nne zilizopangwa mstari mmoja.

Ya mzee ilikuwa imeshafika chini ya 0.1 kabla hajaacha vidonge. Siku ile ilikuwa imepita 1.

Namba ikipanda, sababu kubwa huwa mbili, na zinatibiwa tofauti kabisa. Ya kwanza ni dawa kutomezwa: safari ya kijijini, kichefuchefu, au mfungo. Kwa wanaofunga Ramadhani, tafadhali zungumzeni na daktari kabla mwezi haujaandama ili apange saa ya kidonge, kwa kuwa hiki humezwa pamoja na chakula. Msikiache kimyakimya. Sababu ya pili ni kwamba jeni imebadilika tena. Lipo badiliko liitwalo T315I: katika nafasi ya 315 ya kimeng'enya, asidi amino moja, yaani tofali moja la protini, imeipisha nyingine, na tundu ambalo imatinibu ilikuwa inakaa halipitiki tena. Mgonjwa wa namna hii anameza dawa kila siku kwa uaminifu na namba inapanda vilevile. Kumlaumu ni kumwonea. Anahitaji dawa nyingine, kama ponatinibu, iliyotengenezwa kupita penye kizuizi hicho. Ndiyo maana namba ikipanda tunauliza kwanza kuhusu vidonge, na tunaomba mtujibu kweli. Hakuna atakayekugombeza hapa. Jibu lako ndilo linalomwonyesha daktari aelekee wapi.

Lukemia nyingine hukataa kufa kwa njia zake. Ile sugu ya limfosaiti (aina mojawapo ya chembe nyeupe), CLL, inayowapata zaidi wazee, haina BCR-ABL. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wake wamepoteza kipande kidogo cha kromosomu ya 13, na mwaka 2002 iligundulika kwamba ndani ya kipande hicho mlikuwa na RNA mbili fupi sana, miR-15 na miR-16. Baadaye ikajulikana kwamba kazi yake mojawapo ni kuizuia BCL-2 isizidi. Zikitoweka, walinzi wanajaa. Mimi binafsi sehemu hii hunigusa kila nikiielezea: jeni ndogo kiasi hicho, na kukosekana kwake kunaifanya chembe isahau kufa. Venetoklaksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, hufanya kazi ya mjumbe. Huishika BCL-2 yenyewe na kuwaachia watobozi. Kwa mara ya kwanza iliruhusiwa kwa wagonjwa waliopoteza kipande cha kromosomu ya 17 ambamo p53 inakaa. Hao ndio dawa za kawaida za saratani huwashinda, kwa kuwa nyingi huharibu vinasaba zikitarajia p53 auone uharibifu huo na kuagiza kifo. Mkaguzi akiwa hayupo, agizo halitoki.

Kwa watoto wenye lukemia kali ya limfosaiti mnaijua prednisoloni, maana hupewa hata watu wa pumu. Kwao kazi yake ni kumwamsha BIM. Ugonjwa ukirudi, wakati mwingine hukutwa jeni ya kipokezi cha dawa hiyo, NR3C1, imeharibika. Dawa inafika, haina wa kuipokea. Na katika lukemia kali ya mieloidi, takriban robo ya wagonjwa wana badiliko katika jeni ya FLT3 linaloongeza mlinzi MCL-1.

Si haya yote tunayoyapima hapa, na ni vizuri mjue kabla hamjapanda gari. Sisi tunapima BCR-ABL kwa mashine ya GeneXpert, ileile mnayoijua kwa kupima kifua kikuu, ila kwa katriji yake. Ikishaanza haichukui hata saa tatu. Hupima umbo liitwalo p210, ambalo ndilo la wagonjwa karibu wote wa CML. Kipimo cha T315I, cha FLT3 na cha kromosomu ya 17 tunachukua damu tu na kuisafirisha nje ya nchi. Majibu huchukua wiki kadhaa na gharama yake ni kubwa, kwa hiyo tunakifanya kwa barua ya daktari peke yake. Uboho hatutoi, hiyo ni kazi ya hospitali. Na dawa hatuandiki. Wengi wenu mnatoka kliniki za Muhimbili au Ocean Road, na majibu yetu yanatakiwa yarudi hukohuko.

Siku ile mzee alikuwa amefuatana na binti yake. Alisubiri baba yake atoke kwenda msalani ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini: "Kaka, na sisi wanawe tunayo?" Nikamwambia, dada yangu, hapana. BCR-ABL ilizaliwa ndani ya chembe moja ya uboho wa baba yenu, akiwa ameshakuwa mtu mzima. Haimo katika mbegu iliyowazaa ninyi. Haiambukizi kwa kula sahani moja wala kwa kumuuguza. Nilimwona akishusha pumzi, na nikajua swali hilo alikuwa nalo muda mrefu bila mtu wa kumuuliza.

Mzee alirudi kwa daktari wake siku hiyohiyo, akaanzishiwa vidonge upya. Miezi 3 baadaye namba ilikuwa 0.3, na inaendelea kushuka.

Kwa wanaokuja wiki hii: damu ya BCR-ABL huchukuliwa kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, na huhitaji kuja na njaa. RNA huharibika haraka. Kama umetolewa damu kwingine, iletwe siku hiyohiyo katika kikasha cha baridi, isigandishwe, na aliyeileta asipitie sokoni kwanza. Mnaotoka Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto, ondokeni mapema kabla foleni haijakaza. Tunafungua saa 1 asubuhi, na sampuli za kipimo hiki tunazipokea hadi saa 6 mchana. Njoo na daftari la kliniki na boksi la dawa unayotumia, hata kama limebaki tupu.