Barua kwa wanangu mnaoondoka Kasulu

Mwakeye, wanangu.

Nimesikia majina yametoka. Wengine mnakwenda kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) katika mikoa ambayo hamjawahi kuikanyaga, na baada ya hapo mtatawanyika vyuoni. Wengi wenu nimewashika mkono darasa la kwanza, kwa hiyo naona nina haki ya kusema neno kabla hamjafunga mizigo.

Najua wazazi wamewausia: usimwamini mtu njiani. Sipingani nao. Watoto wamepewa biskuti zenye dawa kwenye mabasi, wakaamka hawana simu wala viatu. Lakini wasia huo ni nusu tu. Mtu anayesafiri peke yake, fedha zikiisha na usiku ukimkuta, atamhitaji mgeni apende asipende. Nataka kuwaambia jinsi ya kumpokea mgeni huyo, maana mimi bila yeye nisingefika.

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka 19, nikaitwa Chuo cha Ualimu Mpwapwa. Mji wa Mpwapwa haupitiwi na Reli ya Kati. Unashuka stesheni ya Gulwe, kisha unatafuta gari. Mama alinipangia tranka: mashuka mawili, daftari, mfuko wa dagaa. Fedha zangu zote, shilingi mia mbili, nilizifunga kwenye pindo la kanga. Nikapanda treni jioni pale Kigoma, daraja la tatu, na usiku kucha sikufumba macho nikilinda tranka. Tabora tukafika asubuhi. Mchana, baada ya kupita Itigi, usingizi ukanizidi. Nilipoamka pindo halikuwepo. Lilikuwa limekatwa kwa wembe, limenyooka kama mkato wa fundi cherehani.

Sikusema kitu. Nilikaa nimeshika ile kanga, naona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeiba.

Waliosafiri na treni hiyo wanaijua Saranda. Treni ikisimama, madirisha yote yanajaa mikono na sinia za kuku. Mbele yangu alikaa mzee mmoja ambaye tangu Tabora tulikuwa tumesalimiana tu. Alinunua kuku dirishani, akamweka juu ya karatasi magotini. Alinitazama, akaitazama kanga yangu, hakuuliza. Alivunja paja, akalimega kidogo, akala yeye kwanza, tena polepole, kisha akanipa lile lile alilolimega. "Kula, mwanangu. Safari bado ndefu."

Wakati ule niliona njaa yangu tu. Leo naona ule mmego wa kwanza. Mzee yule alijua binti anayesafiri peke yake ameonywa nini nyumbani, akaniondolea hofu bila kunidhalilisha. Alimnunua kuku mbele ya watu, akaonja mbele yangu. Wanangu, mwenye nia njema haoni vibaya kuonja chakula anachokupa. Wala haudhiki ukimwambia, "Asante, nimeshiba." Anayekasirika kwa sababu umekataa soda yake, mwachie soda na kiti chake, hamia kwingine.

Gulwe nilishuka saa sita usiku. Treni ikaondoka na mwanga wake wote, ikabaki taa ya stesheni na moto wa mama mmoja aliyekuwa akiuza chai. Abiria wachache tulioshuka nao walipokelewa na ndugu zao, wakapotelea gizani. Nilikaa juu ya tranka nikijifanya namngoja mjomba. Sikuwa na mjomba Gulwe wala Mpwapwa nzima. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu, na ningeweza kukaa mpaka asubuhi, kwa sababu kusema "sina fedha na sina pa kulala" kulikuwa kuzito kuliko lile tranka.

Kilichoniinua ni kuona yule mama anaanza kuzika makaa yake kwenye jivu. Nikasema moyoni, moto huu ukizimika nimekwisha. Nikamwendea, nikampigia magoti, nikamwamkia. Nikasema ukweli wote. Nilidhani atanionea huruma au atanifukuza. Akaniuliza tu, "Una barua ya chuo?" Nikamwonyesha. Akajitwika birika na vikombe vyake, mimi tranka, tukatoka.

Hatukwenda kwake. Tulikwenda kwanza kwa balozi wa nyumba kumi.

Ninyi wa leo mnajua mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji. Enzi zile balozi wa nyumba kumi alikuwa ndiye macho ya mahali, na mgeni wa kulala alipaswa kutajwa kwake. Mama yule aligonga, mzee akatoka amejifunga blanketi. "Nina mgeni," akasema, "anakwenda chuoni, ameibiwa. Atalala kwangu na binti yangu. Kesho namsindikiza." Balozi akasogeza koroboi, akasoma barua yangu mpaka kwenye muhuri, akauliza jina la baba yangu na kijiji chetu. Akasema sawa.

Nilijisikia kama mshtakiwa. Ilinichukua miaka kuelewa alichonifanyia mama yule. Kama ningepotea usiku ule, asubuhi kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Na kama ndoo yake ingepotea, hali kadhalika. Kwa sababu ya dakika zile chache mlangoni kwa balozi, mama asiyenijua na mimi nisiyemjua tuliweza kulala chini ya dari moja bila kuogopana. Nyumba ilikuwa tembe, ya udongo mpaka paa. Nililala juu ya ngozi ya ng'ombe, binti yake ubavuni pangu. Asubuhi nilikunywa uji wa uwele. Nikafungua mfuko wa dagaa nimpe wote. Alichota konzi moja, akanifungia uliobaki.

Kisha akanipeleka stesheni kwenye lori lililokuwa likipakia saruji kwenda Mpwapwa. Alimwuliza dereva jina lake mbele ya makuli wote, kwa sauti, na makuli wakaitikia kwamba wanamfahamu. Ndipo akasema, "Huyu ni mwanangu, umfikishe chuoni." Nikafika kabla ya adhuhuri.

Sasa mambo yenu. Dodoma hadi Dar es Salaam mnakwenda kwa treni ya umeme, ilianza mwaka 2024, na mabasi yanatembea usiku. Mna simu. Lakini simu huzima, na huibwa kwa wembe ule ule. Namba ya nyumbani iandikeni kwenye karatasi, muishone ndani ya nguo.

Mkifika stendi kubwa kama ile ya Mbezi, Dar es Salaam, mtu wa kwanza kukimbilia begi lako na kukuita "mdogo wangu" huenda ni mpiga debe anayetafuta riziki tu, huenda ni mwingine. Huna haja ya kumpima. Begi libaki mkononi, mshukuru, pita. Ukikwama, chagua mwenyewe wa kumwuliza, na umchague aliye na mahali pake: mama lishe mwenye meza na masufuria, fundi viatu aliyekaa pale pale kila siku, askari wa zamu. Mtu ambaye kesho atakutwa alipokuwa jana. Msalimie vizuri kwanza, hata kama machozi yako karibu. Na mwambie ukweli. Huwezi kupata msaada wa shida uliyoificha.

Akikubali kukusaidia, mwombe uongee na nyumbani kwa simu yake, wewe hapo hapo, na umtaje jina naye akisikia. Yule mama wa Gulwe angeichukua simu mwenyewe akamsalimia mama yangu. Anayekwambia "twende kwanza, utapiga huko mbele", usiende. Gesti wakikutaka uandike jina kwenye kitabu cha wageni, andika jina lako halisi.

Wavulana, hii ni yenu pia. Nawafahamu. Mtalala barazani na njaa kuliko kuonekana mmeshindwa. Mwendeeni mama mwenye chai kabla hajazika makaa.

Likizo iliyofuata nilipita tena Gulwe, nikamletea nusu mche wa sabuni. Mwaka ule sabuni ilikuwa ikitafutwa kama dhahabu, na huo ulikuwa mgao wangu wa chuoni. Hakuniambia asante. Aliipeleka puani, akafumba macho, akainusa kwa muda mrefu, kisha akamwita binti yake aje anuse. Tukacheka wote watatu mpaka treni ikapiga honi.

Mkifika, nipigieni. Hata kama ni saa sita za usiku, nitapokea.

Mwalimu wenu mstaafu,
Kasulu